Ndala Zangu Kwenye Ubao wa Koki

Siku hizi nikipita sokoni Muheza watu hawaniangalii usoni, wananiangalia miguuni. Wanataka kuona kama ndala zangu na mimi bado tunaongozana. Hata wateja wangu wa siku zote (mimi ni kinyozi, naitwa Salehe, kibanda changu kipo nyuma ya stendi) wakishakaa kwenye kiti wanainama kwanza, wanachungulia chini, halafu wananiambia haya, yupo, anza. Nimenyamaza vya kutosha. Aibu ni yangu, na kwa kuwa kila mtu anaisimulia anavyotaka, na wengine wameshaniongezea mpaka mamba, bora niisimulie mwenyewe.

Lipo bwawa moja linaitwa Kwekibuyu, unaacha barabara kubwa unaingia ndani kwa pikipiki kama nusu saa. Lilichimbwa na shamba la mkonge, shamba likafa, bwawa likabaki, na perege na kambale waliomo wakazaana bila kuulizwa na mtu. Zamani tulikuwa tunakwenda watu kumi, kumi na watano, kila mmoja na mshipi wake na kopo lake la nyungunyungu, unashinda pale kutwa husikii ila ndege. Kisha mtu mmoja (simjui, nikimjua nitamnyoa kwa kigae cha chupa) akajipiga picha na kambale mkubwa, akairusha kwenye simu, basi, amani ikaishia hapo. Sasa ikifika Jumamosi utadhani kuna mkutano wa hadhara. Watu wanatoka Tanga mjini, wanatoka Korogwe, wanakuja na watoto, na majiko, na spika, na wageni wa wageni wao, wanabanana ukingoni bega kwa bega, ndoana zinapita juu ya vichwa, ukirusha mshipi unanasa wa mwenzio, mwenzio anavuta, wa tatu anadhani kapata samaki, mnagombana watu wanne kwa ajili ya boya moja. Nimeona kwa macho yangu mtu akichomolewa ndoana sikioni huku aliyemnasa akimsihi asitikisike asije akamkatia mshipi. Na kamba ya kuokolea hakuna, kibao cha kuonyesha kina hakuna, yupo mlinzi mmoja wa kijiji na filimbi, na filimbi yenyewe haina ile punje ya ndani.

Kwa sababu ya kubanana huko ndiyo ukazuka utaratibu wa ndala. Kama vile bombani ndoo inavyosimama foleni badala ya mwenyewe, ndivyo Kwekibuyu ndala zinavyoshika nafasi. Ukitaka kwenda kula au kuswali unavua ndala zako, unaziweka pale ulipokuwa, zikitazama maji, na hakuna atakayekaa. Nimeshuhudia watu wazima wakizipisha ndala na kuziomba radhi. Lakini umati ulipozidi watu wakaanza ujanja wa kuja na ndala za akiba, mtu mmoja anashika nafasi tatu, kwa hiyo ndala peke yake zikashuka thamani, ikabidi uongeze na kitu kingine cha kuonyesha kwamba kweli upo na hukwenda mbali. Hilo la kuongeza kitu lishikeni, maana ndilo lililoniua.

Sasa, mkwe wangu. Mzee Mhina ni baba wa mke wangu Mwanaidi, Mbondei wa vijiji vya kule kule karibu na bwawa, mtu wa maneno machache, na katika hayo machache fungu langu lilikuwa dogo. Miaka sita nimemwoa binti yake, na miaka sita ananiita Kinyozi. Si kwa ubaya, wala si kwa uzuri. Kinyozi karibu, Kinyozi kunywa chai, Kinyozi haya safari njema. Mwanaidi akawa ananiambia vumilia, baba atakuzoea, nami nikaona kuzoewa gani huko kwa miaka sita, ngoja nimchukue siku moja tukavue wawili tu, maana wanaume wakikaa kimya mbele ya maji huwa wanapatana.

Na Kwekibuyu ilikuwa kama kwake. Ukisimama kwenye tuta la bwawa utaona kijinara cha saruji kimesimama majini, hatua kama nane kutoka ukingoni, juu yake kuna koki ya kufungulia maji yaliyokuwa yakienda kiwandani, na kutoka tutani mpaka kwenye kijinara umelazwa ubao mmoja mrefu. Mzee Mhina ndiye aliyekuwa mtu wa koki enzi za shamba. Kila asubuhi alipita juu ya ubao ule kwenda kufungua, kila jioni alipita kwenda kufunga. Hapo kwenye kijinara ndipo kina kilipo kirefu kuliko kote, na ndipo kambale wakubwa wanapojazana, na bila shaka umeshakisia watu wa Jumamosi walikuwa wamejipanga wapi.

Tulifika tumechelewa. Nilimpitia nyumbani kwake, nikamwamkia, shikamoo baba, marahaba Kinyozi, akanywa chai yake taratibu, akatafuta kofia yake, akarudi ndani kutafuta kitu kingine, tulipofika bwawani jua limeshapanda na ukingo wote umejaa. Mzee akasimama juu ya tuta akatazama kwa muda mrefu. Juu ya ubao wa koki walikuwa wameketi wanaume sita, miguu inaning'inia, ubao umepinda katikati.

"Ule ubao niliuweka mimi," akasema. "Ni wa mtu mmoja na spana yake."

Mimi kusikia hivyo nikaona nafasi ya kujionyesha. Nikamfuata mlinzi, nikamsomea risala, kwa sauti ya kusikika mpaka alipo mkwe, kwamba huu ni uzembe, kwamba watu wamezidi, kwamba ubao ule unavunjika leo au kesho, na siku mtu akizama hapa msije mkasema hamkuambiwa. Watu wakageuka, wengine wakanipigia makofi. Mlinzi akanitazama kofia yangu (ilikuwa nyekundu, ya pamba, kubwa kidogo) akapuliza filimbi ikatoa upepo mtupu, akaenda zake kivulini. Nikarudi kwa mzee kifua mbele.

Nafasi tuliyopata ilikuwa ya kiuno kimoja. Nikamketisha mzee, kulia kwake familia ya watu wa mjini na jiko la mkaa linalorusha cheche, kushoto vijana na spika inayopiga mpaka maji yanatetemeka, mimi nimesimama nyuma nimeshika kopo la chambo. Saa nzima. Mzee alipata perege mmoja wa ukubwa wa kiganja, akamtazama, akamrudisha. Mimi sikurusha mshipi hata mara moja, kwa sababu kila nikiinua mkono kuna mtoto wa mtu. Nilikuwa nimechoka, nimekereka, jua kali, na haja ndogo imenibana tangu tufike, na kile kimya cha kupatana nilichokitegemea hakikuwepo kwa ajili ya ile spika.

Basi katika kuangaza angaza nikaona mtu mmoja kule kwenye ubao ananyanyuka, anakunja mshipi, anaondoka. Nafasi. Nikawaza hivi (na mnisikilize, maana mjinga naye huwa ana hoja zake): nikikaa pale nitapata kambale wa maana, nikimpata nitamletea mzee mbele ya watu wote, na jina la Kinyozi litakufa siku hiyo hiyo. Kwamba saa moja nyuma nilikuwa nimemhutubia mlinzi juu ya ubao ule ule, hilo halikunijia kabisa. Wakiupanda wengine ni uzembe, nikiupanda mimi nina sababu.

Ila haja ilikuwa haingoji, kwa hiyo nikaenda mbio, nikavua ndala zangu nikaziweka kwenye ubao zikitazama maji. Nikaona hazitoshi, wataziona za akiba. Nikavua shati, nikalikunja vizuri, nikaliweka juu ya ndala. Juu ya shati nikaweka ile kofia nyekundu. Na ndani ya kofia, ili asiwepo mtu wa kusema mwenyewe kaenda mbali, nikaweka simu yangu (kitochi, hakuna mwizi wa kuhangaika nacho). Nikarudi nikamwambia mzee naenda haja mara moja, dakika mbili. La ubao sikumwambia. Akaitikia kwa kichwa bila kuniangalia.

Choo kilikuwa kimoja na foleni yake ndefu kuliko ya muuza mihogo, nikaona nijisogeze nyuma kwenye michungwa. Nimemaliza, nageuka, nasikia fundi, fundi. Ni mteja wangu wa siku nyingi na wenzake wawili wamekaa kivulini, akaniambia Mungu kakuleta, jioni nina safari ya Pangani kumwoza dada yangu na nitazame nilivyo. Nikamtazama, kweli alikuwa na ndevu za kutisha watoto. Na begi langu la kazi lilikuwa begani, maana kinyozi hatembei bila begi. Nikasema wewe tu, haraka. Lakini mwenzake naye akasema na mimi nisawazishe nyuma tu, nikaanza na huyo kwa kuwa ni kidogo, halafu wa pili, halafu akaja mzee mmoja na mjukuu, yule mwenye harusi nikawa namwambia subiri wewe ni kazi kubwa, nikumalizie mwisho kwa utulivu. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa msikiti wa kijijini, nami nimo tu. Huko bwawani wale waliokuwa kwenye ubao, walioniona nikiweka vitu vyangu na kuondoka, walinyanyuka kwenda kuswali, wakaja wengine ambao hawakuniona.

Yaliyotokea kule niliyasikia baadaye. Hao wapya walikuta ndala, shati lililokunjwa, kofia, na mwenyewe hayupo. Wakangoja. Kisha simu ikalia ndani ya kofia. Alikuwa Mwanaidi, anapiga kuuliza kama baba yake amekula. Ikalia, ikakatika, ikalia tena, mmoja akaona aipokee, na badala ya kusema subiri tumtafute, akamwambia, "Dada, mwenye simu hii hatumwoni. Nguo zake zipo hapa juu ya maji." Mwanaidi akapiga yowe kwamba huyo ni mumewe, kinyozi wa Muheza, na kwamba baba yake yupo hapo hapo, wakaenda kumwita mzee.

Mimi nilisikia kelele. Nikajua ni ugomvi wa mishipi. Nilikuwa nimeshamnyoa yule mwenye harusi upande wa kulia, nikasema kidogo nimalize, kelele zikazidi, watu wakaanza kukimbia wakitupita, nikaona hapana, hili ni jambo. Nikatoka mbio na wembe mkononi, kifua wazi, miguu mitupu, yule mwenye harusi nyuma yangu na nusu ya ndevu zake. Tulikuta tuta zima limefunikwa na watu, hata nyayo huna pa kuweka. Nikamuuliza mama mmoja kuna nini, akaniambia kazama mtu, kinyozi wa Muheza.

Nikasema innalillahi. Nikawaza ni kinyozi gani, maana kule stendi tupo wanne tu na wote nawajua, na hakuna aliyeniambia anakuja bwawani. Nikauliza alizamia wapi, nikaambiwa kwenye ubao wa koki. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo hasa, kuliko mengine yote, kwa sababu nilitikisa kichwa nikasema kwa sauti, "Watu wabishi. Asubuhi hii hii nilisema."

Mama yule akakubali. Nikaendelea kujipenyeza mbele, nikiwasukuma watu, nikiwaambia rudini nyuma, mnajazana kwenye ubao, mtaongeza maiti. Kisha mtu mmoja akanyanyua fito juu, na kwenye ncha ya fito kuna kofia nyekundu.

Sijui nieleze vipi. Kwanza nilihisi kuibiwa. Kisha nikaelewa yote kwa pamoja, ndala, shati, simu, dakika mbili. Nikaanza kusema mimi hapa, ni mimi, ni mimi niliyezama. Jamaa mmoja akanigeukia na uso wa hasira akaniambia kaka, si wakati wa mzaha, kuna mzee kule anamtafuta mtoto wake.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti. Ilitoka majini, upande wa kijinara, ya mtu aliyeishiwa pumzi, ikiita Salehe. Miaka sita sijawahi kuisikia ikisema jina hilo, na sikujua hata kama analijua. Salehe, halafu maji, halafu kimya, halafu tena Salehe. Mzee Mhina alikuwa amevua kanzu yake na kuingia. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wamesimama juu ya ubao ule kutazama, wengine wamenyoosha simu kupiga picha, na aliyeingia majini alikuwa mmoja, mwenye miaka sabini na magoti mabovu, kwa sababu alijua mdomo wa bomba ulipo chini kule na alijua mtu akivutwa atanasia wapi.

Kisha ubao ukavunjika. Haukufanya mlio mkubwa, ulilia kama muwa, wakaingia wote. Nisiwachoshe na vurugu ile, mkishaona watu ishirini wanashikana shingo majini mmeona yote. Kina mama walirusha khanga zilizofungwa pamoja, vijana wa spika (Mungu awabariki, nimewasema sana) walileta madumu matupu na mpira wa tairi la lori, na kwa rehema tu watu wote walitolewa, wamekunywa maji, mmoja kavunjika mkono. Mlinzi alikuwa anapuliza ile filimbi, fuu, fuu.

Lakini mzee alikuwa chini wakati ubao unaanguka, na hakutoka. Mimi sijui kuogelea. Nimeishi maisha yangu yote mwendo wa basi moja kutoka baharini na sijui, na hilo nalo waongezeeni wanaonicheka. Niliteremka tutani nikaingia, wembe sijui niliudondosha wapi, nikashika kipande cha ubao kilichokuwa kinaelea nikawa napiga miguu, maji yanafika kidevuni, chini sigusi kitu, nalia, nasema baba mimi hapa, baba toka, nipo. Nilimeza maji mengi kuliko aliyezama. Na ghafla kikatokea kichwa chenye mvi mbele yangu, kimejaa tope na majani, mkono ukadaka ule ubao.

Tulibaki hivyo, yeye upande huu mimi upande ule. Alikohoa muda mrefu. Kisha akanitazama usoni, akatazama mabega yangu yalivyojaa nywele za watu, na nadhani alielewa yote pale pale.

"Haja gani hiyo," akasema, "ya saa nzima?"

Wakatuvuta na mpira wa tairi. Yule mteja wangu alinipokea ukingoni na nusu ya ndevu akaniuliza kwa upole kama wembe bado ninao, na nimesikia kwamba dada yake aliozwa hivyo hivyo, kaka mtu amefunika shavu moja kwa leso.

Mzee tulimpeleka zahanati, kifua kilikuwa kinakoroma, wakamlaza. Nikaazima simu kumpigia Mwanaidi, haipokelewi. Nikachukua pikipiki kwenda nyumbani, miguu mitupu, kifua wazi, na kutoka njia panda nikaona turubai limeshafungwa uani kwangu. Sufuria kubwa ipo juu ya mafiga. Wanawake wananiona wanapiga kelele wanakimbilia ndani, shehe aliyekuja kupanga mambo ya mazishi kasimama na tasbihi mkononi hajui aendelee au aache. Mwanaidi alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, macho yamevimba. Akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni, nami nikangoja anikumbatie au anipige, lolote.

"Baba yuko wapi?" akauliza.

Nikamwambia. Alinyanyuka, akajifunga khanga, akapita mbele yangu kwenda zahanati, na siku nne hakunisemesha. Wali wa matanga yangu niliula mwenyewe na majirani, usije ukatupwa.

Mzee alilala zahanati siku sita na nyumbani wiki tatu, na mpaka leo akipanda kilima anasimama katikati. Nilikuwa nikienda kila siku kumnyoa na kumkanda mgongo. Siku moja nikashindwa kujizuia, nikamuuliza baba, na umri ule, na wewe ndiye uliyesema pale hapafai, uliingiaje. Nilikuwa nina wembe shavuni mwake.

"Nilitafuta maneno ya kwenda kumwambia mwanangu Mwanaidi," akasema. "Nikayakosa. Nikaona maji ni afadhali."

Nami nikanyoa polepole sana, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri.

Kwekibuyu bado panajaa. Ubao mpya wameweka, mwembamba kuliko wa kwanza, na wamefunga kamba ya manila yenye tambara jekundu (tambara hilo ni kofia yangu, walinirudishia simu tu). Watu wanaruka kamba wanakwenda kukaa, wanaacha ndala zao wanakwenda kula. Nikipita nawaonya, wananiuliza wewe si yule aliyezama, naenda zangu.

Ndala moja ilipatikana. Mzee ameitundika kwa msumari kando ya mlango wake, na mgeni akiuliza anamjibu kwamba ile ndiyo iliyokuwa mkwe wake kwa saa nzima. Mimi nimeapa, popote nitakapoacha ndala zangu tena miguu yangu itakuwa ndani, na hata msikitini naingia nazo kwenye mfuko, watu wacheke wanavyotaka. Ijumaa iliyopita nilipofika kwa mzee, ndala mkononi, nikabisha hodi, akauliza kutoka ndani ni nani, nikajibu ni mimi Kinyozi. Akasema Salehe, ingia nazo.